Siku Trueno Manso Watakaporudi

Ukitaka kujua nilivyompenda Wilmar Echavarría, usiniulize siku nilipomwona mara ya kwanza. Niulize siku shangazi Beba aliponinong'oneza, nikiwa nimeshika thamosi ya maji ya moto, kwamba Jumatano yule Mkolombia anarudi kwao. Maji yalimwagika mezani, yakalowesha sahani nzima ya vimkate vitamu vya medialuna, na Pocho akaruka kana kwamba nimemmwagia yeye.

"Melina! Vitafunio vimekukosea nini?"

"Mkono umeteleza."

"Mkono," alisema shangazi Beba, akifuta meza kwa pembe ya aproni yake. "Siku hizi moyo unaitwa mkono."

Nilimkata jicho, akanyamaza, lakini yale mabega yake yaliendelea kucheka. Shangazi yangu ana dhambi moja tu, nayo ni kuona kila kitu.

Ilikuwa Jumamosi, jua la Novemba limeanza kupoa, na tulikuwa uani kwenye klabu ya mtaa wetu wa Refinería, hapa Rosario, chini ya mzabibu. Hapo ndipo mashabiki wa Trueno Manso tunapokutana tangu bendi ilipovunjika. Nikisema mashabiki usifikirie umati. Zamani walijaza viwanja. Siku hizi tunaofika bila kukosa ni Baba yangu, Hugo Brusasca, mwenyekiti ambaye hakuna mtu aliyewahi kumpigia kura, dada yake, shangazi Beba, Pocho mwenye bucha, mimi, na kuanzia majira ya baridi yaliyopita, Wilmar, ambaye alitufikia kwa njia ya jino.

Ndiyo, jino. Wilmar ni daktari wa meno, na alikuja Rosario kuongeza masomo kwenye chuo kikuu. Siku moja Pocho alifika kwake taya limevimba, na ili kujipa moyo akawa anaimba wimbo wa "Treni ya Majani Makavu" huku amepanua mdomo na vyuma vimo ndani. Ubeti wa pili ukamkwama. Yule daktari, bila kuinua macho, akaumalizia. Marehemu mama yake, kule kwao Manizales, alikuwa na kaseti moja tu ya Trueno Manso, na aliicheza jikoni mpaka utepe ukalegea. Jumamosi iliyofuata Pocho alimleta klabuni amemshika begani kama mtu aliyeokota dhahabu.

Kama hujawahi kuwasikia Trueno Manso, nakuonea huruma, na wivu pia, maana bado una siku ya kuwasikia kwa mara ya kwanza. Tacho Berlanga alikuwa na sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi na tayari amekukumbuka. Zurdo Maidana alipiga gitaa kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama mtu anayefungua mlango usiku asiwaamshe watoto. Walilelewa nyumba moja, kwa mama yake Zurdo, wakawa chanda na pete. Jukwaani waliimba kwenye kipaza sauti kimoja, paji kwa paji, na wasichana walikuwa hawajui wamlilie yupi. Baba na marehemu Mama walijuana kwenye onyesho lao. Mimi nililazwa kwa nyimbo zao kabla sijajua kutamka jina langu.

Kisha, huko Córdoba, katikati ya wimbo, Tacho aliweka kipaza sauti chini, akashuka jukwaani, akaondoka. Kwa nini? Hapo ndipo tunapogombana. Pocho anasema ni uchovu. Shangazi Beba anasema ni mapenzi, kwamba Tacho alimpenda Irma, dada yake Zurdo, na Zurdo akakataa. Baba anasema ni upepo tu, upepo hupita, na watarudi.

"Mwakani," Baba husema. "Kumbukeni maneno yangu."

Ameyasema maneno hayo tangu mimi nikiwa shuleni.

Basi, turudi kwenye maji yaliyomwagika. Niliijaza thamosi upya, nikakaa kwenye kiti changu, na mzunguko ukaanza. Mimi ndiye mmiminaji wa klabu. Yerba, majani ya chai yetu ya mate, iko kwenye kibuyu, mrija wa chuma umesimama ndani, unamimina maji, unampa mtu, anakunywa mpaka mrija unapolia, anakurudishia, unamimina tena, unampa anayefuata. Kibuyu ni kimoja, midomo ni ya wote. Niliwahi kufikiri kwamba kama Wilmar anaweka mdomo wake pale nilipoweka wangu, basi hilo nalo ni jambo. Ndivyo mtu anavyokuwa mjinga akipenda.

Ila Wilmar alikuwa anakunywa kimoja tu. Kila Jumamosi kimoja! Wenzake wanakunywa mpaka thamosi inakauka. Yeye anapokea kwa mikono miwili, anakunywa taratibu, ananirudishia, ananitazama kwa yale macho ya rangi ya asali, anasema, "Asante, Bi Melina," na hapo ameshamaliza. Bi Melina, kama vile mimi ni mwalimu wake wa hesabu. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimekasirika. Macho yananiambia njoo, mdomo unaniambia nimetosheka. Ningeshika lipi?

Na hata leo, siku yake ya mwisho mezani petu, alikunywa kimoja.

"Asante, Bi Melina."

"Karibu," nilijibu, nikampita, nikampa Baba.

Pocho ndiye aliyeleta habari ya siku hiyo. Alisubiri mpaka kila mtu ameketi, akafuta mikono kwenye suruali, akaweka simu yake katikati ya meza kana kwamba anaweka kipande cha nyama kwenye mizani.

"Tazameni. Msiongee. Tazameni kwanza."

Ilikuwa video fupi isiyo na sauti. Mpwa wa Pipi Scarpa, mpiga ngoma wa bendi, aliirekodi akiwa dirishani siku ya kuzaliwa ya mjomba wake. Ua mdogo, meza ya plastiki, na kwenye meza hiyo Zurdo Maidana, tumbo limemtoka, anamimina maji kwenye kibuyu. Anamnyooshea mtu aliye mbele yake. Mtu huyo ana mvi kichwa kizima. Ni Tacho Berlanga.

Shangazi Beba aliweka mkono kifuani. "Mungu wangu. Wamezeeka, na bado wazuri."

"Wamekaa meza moja!" Baba alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Nimewaambia nini mimi? Nimewaambia nini? Watarudi! Mwakani!"

"Hugo, wamekaa kwenye sherehe ya mtu," alisema Pocho. "Mimi pia hukaa na shemeji yangu kwenye sherehe, na simpendi."

"Wewe hujui muziki. Wewe unajua mbavu."

"Don Hugo," alisema Wilmar kwa ile sauti yake ya upole ya watu wa milimani, "kwa heshima zote, mimi naona hawatarudi."

Ndivyo alivyosema siku zote, na ndivyo alivyomuudhi Baba siku zote. Lakini safari hii alisema akiniangalia mimi.

"Kwa nini wasirudi?" nilimuuliza.

"Kwa sababu Tacho amechoka kungoja. Mtu akikaa mahali siku nyingi, akaona wenzake wote wanakaribishwa ila yeye, mwisho anaelewa. Anachukua koti lake."

"Nani hakumkaribisha? Kiti kipo. Alikaa mwenyewe, akaonja kidogo, akasema inatosha. Sasa tumlazimishe?"

"Labda hakusema inatosha."

"Alisema! Tena kila mara!"

"Labda alikuwa anangoja aambiwe neno moja. Moja tu."

"Na labda aliyepaswa kusema neno hilo naye ana moyo, anaogopa kuaibika mbele za watu."

Shangazi Beba alikuwa anageuza shingo huku na huku kama mtu anayetazama tenisi. "Samahani," alisema, "bado tunamzungumzia Tacho?"

Nilihisi uso unaniwaka. Nilimimina maji, nikampa Pocho zamu ambayo haikuwa yake. Baba alinitazama, kisha akamtazama Wilmar, na nikaona taya lake linakaza. Siku nyingi alishaniambia nyumbani, "Usimwangalie sana yule. Amekuja na sanduku, na sitaki sanduku hilo liondoke na binti yangu." Dada yangu Sabrina aliolewa Barcelona. Siku hizi tunamwona kwenye simu, Jumapili, akiwa amevaa sweta sisi tukitoka jasho. Baba akikata simu hukaa muda mrefu akiangalia kioo kilichozimika.

"Daktari," alisema Baba, "wewe una safari Jumatano. Mambo ya Tacho na Zurdo tuachie sisi tunaobaki."

"Ndiyo, Don Hugo," alisema Wilmar, akainamisha kichwa.

Pocho, ambaye hajui kusoma hali ya hewa, alikuwa ameicheza video tena. "Subirini. Mwisho kuna jambo. Tacho anarudisha kibuyu, halafu midomo inatikisika. Mnaona? Anasema kitu."

Vichwa vyote vilikutana juu ya simu. Nywele za Wilmar zilinigusa shavuni, zikanukia sabuni, na kwa muda sikuona Tacho wala Zurdo.

"Anasema 'kitamu,'" alisema Baba.

"Anasema 'ndugu yangu,'" alisema shangazi Beba, machozi yakiwa yamemlenga. "Tazameni midomo. Ndu-gu-ya-ngu."

Pocho alivaa miwani. Alicheza tena. Akavua miwani, akaikunja.

"Kasema asante."

Baba alirudi nyuma kana kwamba ametukanwa.

"Hakusema."

"Kasema, Hugo. Anarudisha kibuyu, anasema asante. Kimoja tu, na asante. Mambo yamekwisha. Hawarudi hao."

"Hakusema!" Baba alipiga meza. "Tacho asingeweza! Baada ya miaka yote, Zurdo anammiminia kwa mkono wake mwenyewe, halafu yeye amwambie asante? Tacho si katili!"

"Lakini, samahani," Wilmar alisema. Alikuwa anatutazama mmoja mmoja, amechanganyikiwa kweli. "Mbona hiyo ni habari njema? Amepewa, ameshukuru. Kuna ubaya gani?"

Tulimgeukia wote kwa pamoja. Shangazi Beba ndiye aliyeanza kuelewa. Niliona nyusi zake zikipanda polepole mpaka karibu na nywele.

"Mwanangu," alisema, "wewe ukirudisha kibuyu, unasemaje?"

"Nasema asante."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimepewa, bibie! Mama yangu angenipiga kofi nisiposhukuru. Kwetu tunashukuru hata kwa maji."

"Hapa, mwanangu, asante ya kibuyu maana yake imetosha. Usinimiminie tena. Usiposema kitu, unapewa. Ukishasema asante, umeaga."

Wilmar alifungua mdomo, akaufunga. Yeye anayefumbua midomo ya watu kutwa, leo wake ulikuwa haujui ufanye nini.

"Kwa hiyo kila Jumamosi," alisema taratibu, "mimi nilikuwa..."

"Ulikuwa unamfukuza mmiminaji," shangazi alimalizia.

"Na mimi nilidhani ninyi, mniwie radhi, nilidhani hamkufundishwa adabu. Mnapokea, mnakunywa, mnarudisha, hakuna hata asante! Nikasema labda ndivyo watu wa Rosario walivyo. Ila Pocho tu. Pocho peke yake alikuwa anashukuru mapema."

"Mimi nina vidonda vya tumbo!" alifoka Pocho.

Hapo kicheko kilipasuka. Shangazi Beba alilala juu ya meza. Hata Baba, pamoja na hasira zake, alifunika mdomo kwa kofia. Mimi sikucheka, na Wilmar hakucheka. Alikuwa ananitazama, na nilikuwa namtazama, na kila Jumamosi ya miezi ile ilikuwa inapita kati yetu, moja baada ya nyingine.

"Nilidhani unaniruka," alisema, kwa sauti ndogo, kwangu mimi peke yangu. Kisha akasimama, akaomba radhi kwa watu wote, akaenda nyuma ya klabu, kwenye kiwanja cha bochas, mchezo wa kuviringisha mipira.

Shangazi alinifinya paja. "Unangoja nini? Upigiwe tarumbeta?"

Nilimkuta amekaa kwenye ubao wa kiwanja, ameokota mpira mmoja wa bochas, anaugeuzageuza kama anautafutia tundu la kuziba. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nilikuwa bado nimeshika thamosi.

"Miezi yote hiyo, Wilmar," nilisema. "Kwa nini hukuuliza?"

"Ningeulizaje? 'Bi Melina, kwa nini unampa hata Pocho mara tatu na mimi mara moja?' Mtu mzima nilie kwa sababu ya chai?"

"Ungelia. Ningefurahi."

Alitabasamu, na ule upande mmoja wa mdomo wake ukapanda kwanza kama kawaida yake. Ungekuwa mimi, nawe ungeshindwa.

"Mjomba ana kliniki Manizales," alisema. "Ananingoja tangu masomo yaishe. Nilimzungusha. Nilikuwa najiambia, Jumamosi hii akinipa cha pili bila mimi kuomba, sirudi. Nitatafuta kazi hapa, hata ya kung'oa meno ya farasi. Jumamosi ikipita, najiambia ijayo. Wiki iliyopita nikachoka. Nikanunua tiketi."

"Na mimi," nilisema, "nilikuwa najiambia, siku akikubali cha pili, nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Unajua."

"Sijui. Umeona mwenyewe mimi nisivyojua maneno ya hapa. Niambie kwa maneno rahisi."

"Lile jino langu," nilianza, "nililokuja nalo kliniki kwako mwezi wa nane, nikasema linanikosesha usingizi..."

"Nakumbuka."

"Halikuwa linauma."

"Nilijua. Sijaona jino zima kama lile Rosario nzima. Nililikagua mara tatu ili usiondoke."

Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na sijui ni lini aliniondolea thamosi mkononi akaiweka chini, maana nilichohisi ni vidole vyake tu, vya moto, juu ya vidole vyangu. Alikuwa hajawahi kunishika mkono. Mtu aliyeshika taya langu lote hakuwahi kunishika mkono.

"Nakupenda, Wilmar," nilisema. "Hayo ndiyo maneno rahisi. Sina mengine."

Alifumba macho. "Niambie nibaki, Melina."

Melina. Bila Bi. Nilifungua mdomo kumwambia, na sauti niliyoisikia haikuwa yangu.

"Melina!"

Baba alikuwa amesimama mwisho wa kiwanja, kofia mkononi. Nyuma yake Pocho na shangazi Beba walijifanya wanatazama zabibu, ambazo hata hazijaiva.

"Achia mkono wa binti yangu, daktari."

Wilmar alisimama, lakini hakuuachia. "Don Hugo, nataka kuzungumza na wewe kwa heshima."

"Heshima yako nimeiona. Unaondoka Jumatano na leo Jumamosi unamjaza binti maneno. Yule aliyemchukua Sabrina naye alikuja kwa heshima. Alikula mezani kwangu, akanisifia mchuzi, na sasa mjukuu wangu ananiita babu kwa lafudhi nisiyoielewa!"

"Sitamchukua. Nataka kubaki."

"Leo unataka kubaki. Kesho nchi yako itakuita, milima itakuita, kahawa itakuita. Hapana!" Sauti ya Baba ilikuwa inatetemeka, na nilijua haikuwa hasira yote. "Unamtaka Melina? Sawa. Utamwoa siku Trueno Manso watakaporudi jukwaani! Siku hiyo, si siku moja kabla! Naapa mbele ya mashahidi hawa!"

Baba alivaa kofia yake, ameridhika kama mtu aliyefunga duka na kuweka ufunguo mfukoni.

Shangazi Beba alikohoa. "Hugo."

"Nini?"

"Umekubali, basi."

"Nimekubali wapi?"

"Nani anayetuambia kila Jumamosi kwamba watarudi mwakani? Mimi? Umempa binti yako harusi ya mwakani, kaka yangu. Hongera sana."

Pocho alipiga kofi moja, akaona sura ya Baba, akaficha mikono. Baba aligeuka mwekundu, akageuka mweupe. Alitutazama kama mtu aliyejifungia nje ya nyumba yake mwenyewe.

"Mimi nimekubali sharti," alisema Wilmar. "Tiketi nitairudisha. Nitangoja hapa Rosario mpaka warudi."

"Wewe!" Baba alimnyooshea kidole, akiona pa kutokea. "Wewe ndiye unayesema hawatarudi! Leo leo umesema, mezani pangu!"

"Nilisema. Sasa naamini watarudi."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipojua kwamba mtu anaweza kusema asante miezi na miezi akiwa na maana ya nipe tena."

"Tacho ni mtu wa hapa," alisema Pocho. "Tacho anajua asante ni nini."

"Anajua," alisema Wilmar. "Lakini alilelewa na mama yake Zurdo, alikula chakula chake, alilala kwenye kitanda kimoja na Zurdo. Baada ya miaka yote hii Zurdo anammiminia kwa mkono wake. Don Pocho, huenda hakuwa anazungumzia kibuyu."

Pocho alitoa simu mfukoni, akaicheza video tena. Shangazi Beba alitoa leso. Nilimwangalia Wilmar, nikajiuliza nilikuwa wapi siku zote nikimhesabia vibuyu.

Lakini furaha yangu ilikuwa na mzigo, na mzigo huo ulikuwa umesimama mbele yangu, umevaa kofia. Sikutaka kumshinda Baba kwa utani wa shangazi. Nilimsogelea, nikamshika mikono yote miwili.

"Baba, nisikilize. Hakuna anayekutega. Kama unataka nisiolewe na Wilmar, ni neno moja tu. Sema hawatarudi. Sema Trueno Manso wamekufa, hawatapanda jukwaani tena, na nyimbo zile zimekwisha. Ukisema hivyo mbele ya mashahidi hawa hawa, Wilmar atapanda ndege Jumatano, na mimi nitabaki kwako. Sitakununia. Nakuahidi."

Wilmar alishtuka nyuma yangu. "Melina..."

"Mwache aseme."

Nililoliahidi nilikuwa nimelimaanisha, na kama Baba angesema neno lile, ningelitimiza, na moyo wangu ungebaki kwenye kile kiwanja cha bochas mpaka nizeeke.

Baba alivuta pumzi. Mdomo wake ulifunguka. "Trueno Manso..." alisema, na kidevu kikaanza kucheza. Alimtazama Pocho. Alimtazama dada yake. Akatazama juu, kwenye majani ya mzabibu, akaanza tena. "Trueno Manso hawa... hawata..."

Haikutoka. Machozi yalikuwa yanamshuka, na hakuyafuta.

"Mama yako," alisema, "siku ya mwisho hospitalini, aliniambia wakirudi nisikae nyumbani. Niende, hata peke yangu. Nikamwambia nitakwenda. Sasa nikisema hawarudi, Melina, nitamwambia nini mimi yule mwanamke?"

"Usimwambie kitu, Baba. Sema unachoamini."

"Watarudi," alisema Baba. Akalisema tena, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka mtoni. "Watarudi, mnasikia? Watarudi!"

Nilimkumbatia, kofia ikaanguka, na nikahisi mkono wake mmoja ukinizunguka mimi na mwingine ukinyooshwa hewani, ukimtafuta mtu. Wilmar hakujua afanye nini na mkono huo. Shangazi Beba alimsukuma.

"Usifikirie nimelainika," Baba alimwambia huku amemkamata shingoni. "Unakaa Rosario. Rosario, si Manizales. Na Jumamosi unakuja hapa bila kukosa."

"Ndiyo, Don Hugo."

"Haya, nieleze. Wewe unayeamini tangu dakika mbili zilizopita. Siku wakirudi, watafungua na wimbo gani?"

Wilmar alinitazama kwanza, kisha akafikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa habari ya jino la mbele.

"'Treni ya Majani Makavu.'"

"'Treni'!" Baba alimwachia, akashika kiuno. "Mjinga wewe! 'Treni' wanafunga nayo! Watu watalia mapema, watabaki na nini mwishoni?"

"Lakini Don Hugo, wakianza na wimbo wa haraka, sauti ya Tacho haitakuwa imepata joto..."

"Usinifundishe sauti ya Tacho! Umezaliwa lini wewe?"

Wakaondoka hivyo kurudi mezani, Baba akipunga kofia, Wilmar akihesabu hoja zake kwenye vidole, wakipigiana kelele kama mtu na mkwe wake.